Hiyo Mia Nne Si Bei, Mzee

Hebu niangalie pua. Sogea tu, haiambukizi. Unaona huo ukijani huku na huku, pale miwani inapokalia? Hiyo ndiyo dhahabu. Nilivyoambiwa ni dhahabu. Ilikaa mpaka jasho la kwanza la maana, ikabanduka, chini yake kumbe shaba, na shaba ikikutana na jasho inatoa kijani. Sasa mama watoto ananikataza kupita karibu na mbuzi. Wenzangu wakinunua miwani wanapendeza. Mimi nikinunua naota kutu.

Na usiniulize mtu wa Sop Sop anataka miwani ya jua ya nini. Wewe umewahi kupanda pikipiki ya Boxer kutoka huku kwetu, ukapita Nagongera, ukafika Tororo, halafu ukashika njia ya Busia saa saba mchana, mbele yako lori limebeba simiti? Basi nyamaza. Vumbi jekundu likikuacha, jeupe linakupokea. Wadudu wanaingia jichoni bila hodi. Ukishuka Busia macho mekundu, watu wanakuuliza pombe ya malwa ilikuwa kwa nani na mbona hukuwaita. Tena si mambo ya kujipamba haya. Jua na vumbi ndivyo vinavyootesha kile kinyama kinachotambaa juu ya jicho, na jua la miaka mingi linachangia mtoto wa jicho. Kwa hiyo miwani ni haki yangu. Kioo sina kesi nacho. Kesi yangu ni fremu.

Busia unaijua. Mji mmoja, nchi mbili. Bodaboda zenyewe zilianzia hapa, baiskeli zikibeba watu na mizigo kati ya geti la Kenya na geti la Uganda, enzi wazee wetu bado vijana. Siku hizi mambo ni kituo kimoja cha mpaka. Kilifunguliwa na marais wawili, Kenyatta na Museveni, Februari 2018, unamalizana na nchi zote mbili chini ya paa moja. Lakini mwuza miwani mambo ya paa hayamhusu. Ubao wake kifuani, miwani imejipanga pale inakutazama, na yeye anatembea. Asubuhi umemwona mtaa wa Marachi, jioni umemkuta mtaa wa Sofia. Huwezi kumkimbia. Mimi nilijaribu kumtafuta nirudishe mali yake, ndipo akawa hapatikani nchi zote mbili.

Pea ya kwanza kabisa aliyonionyesha ilikuwa nyeusi, pana, mikono minene. Kwenye kioo kuna kistika: UV400. Nikasema sawa, huyu angalau ni mkweli, ameandika bei. Nikakaza uso. Nikamwambia, "Kijana, mia nne ni nyingi. Nipe kwa mia mbili."

Akaniangalia. "Mzee, hiyo mia nne si bei. Hiyo ni jua."

"Basi nipe jua la mia mbili."

Bana. Watu wa boda walikuwa wameegemea pikipiki zao pale. Mmoja alijishika tumbo. Mwingine akapiga simu kumsimulia mtu mwingine, mimi nikiwa bado nimesimama. Mpaka leo nikipita ile stendi naitwa Jua la Mia Mbili, na wananiitia abiria wangu kwa jina hilo.

Sasa bei yenyewe ilikuwa mia tatu. Nikafurahi. Nikatoa sarafu nikahesabu mia tatu ya Uganda, nikamwekea mkononi. Akazitazama kama mtu aliyepewa pole badala ya mshahara. "Ya Kenya, mzee." Na ya Kenya mia tatu ni elfu nane na kitu ya kwetu! Mimi nimezaliwa mpakani, nimekulia mpakani, nabadilisha hela kila siku ya Mungu, na bado mtu akisema mia tatu roho yangu inachagua ile ndogo. Hiyo ni roho, si mimi.

Ngoja nikwambie alivyoniuzia. Alitoa kiberiti cha gesi, akapitisha moto kwenye kioo. Hakikuungua. Akakunja ile mikono mpaka ikasalimiana kwa nyuma. Akaachia, ikarudi. Akaiweka chini, akaikanyaga na kiatu. Ikainuka. Watu wakapiga makofi. Nikalipa mbio kabla mwingine hajaichukua. Akachomoa nyingine kwenye begi, akaitia kwenye kimfuko, akanikabidhi. Ile iliyokanyagwa ikarudi ubaoni. Ile ni mfanyakazi wake, haiuzwi.

Nikafika nyumbani, si ni lazima watu waone? Nikaita majirani. Nikaita watoto. Nikasema tazameni kitu cha watu. Nikashika mikono nikakunja nyuma.

Kwa!

Vipande viwili. Fremu ilipasuka katikati, pale juu ya pua. Jirani yangu mmoja akauliza kwa heshima kabisa kama onyesho limeisha au kuna sehemu ya pili. Mama watoto akasema kiberiti kipo jikoni, nikitaka kuendelea.

Basi nikaapa plastiki sitaki tena. Chuma. Ndiyo ikaja hii dhahabu ya puani kwangu unayoitazama. Ya umbo lile la marubani, vioo vyake kama matone. Pembeni imeandikwa Ray-Bon. Nikamuuliza kijana, huyu Bon ni nani, akasema ni tawi la Ulaya. Nikaona sawa, Ulaya ni kubwa.

Nikaenda nayo matangani. Mzee mmoja wa kijiji alikuwa ametutoka, na mimi nikapewa nafasi ya kusema neno kwa niaba ya majirani. Nafasi ndogo, lakini mtu anavaa. Suti ya harusi yangu, na miwani. Nikaongea vizuri, usibishe, mpaka kina mama wakaguna. Ikafika saa ya kutupa udongo. Nikachota, nikainama.

Tik.

Jicho la kushoto likaona mwanga. Nikajua mbingu zimefunguka. Kumbe ni kioo kimetoka kwenye fremu, kimeteleza, kimeenda kukaa juu ya jeneza, kinameta. Ukimya ulioingia pale! Mjane aliacha kulia, akanitazama. Nilinyoosha mkono kidogo, mkono wenyewe tu, sikutaka kuingia mzimamzima. Mzee mmoja akanigonga na fimbo kwenye kiwiko. "Kilichoingia humo hakitoki." Basi nikasimama wima nikamalizia hotuba, jicho moja usiku, jingine mchana. Mpiga picha hakupumzika hata kidogo. Familia ilichapisha albamu. Mimi nimo ukurasa wa tatu.

Nikampelekea mabaki fundi wa saa pale Nagongera, yule anayekaa barazani na bisibisi zake nyembamba. Nikamwambia kioo kilikuwa kibovu, kimeruka chenyewe. Hakuniamini. Akanionyesha. Kwenye fremu ya chuma, ule mduara unaozunguka kioo haujaungana, una mwanya pembeni karibu na bawaba. Mwanya unafungwa na skrubu moja, ndogo kuliko punje ya wimbi. Hiyo skrubu ikilegea mduara unafunguka, kioo kinaaga. Na inalegea kwa sababu pikipiki inatikisika kutoka asubuhi mpaka jioni. Eti kila wiki unatakiwa kuikaza. Nani? Mimi? Hata minyororo ya Boxer sikazi.

Skrubu ya kufaa hakuwa nayo. Akachukua waya, akapitisha, akasokota, akaukata. Kioo akatia kingine cha maiti ya miwani nyingine, cha kahawia, wakati cha kulia ni kijani. Akasema gizani haionekani. Nani anavaa miwani ya jua gizani?

Akanishauri kitu kimoja cha maana: skrubu zikishakazwa, tone la rangi ya kucha juu yake, isiyo na rangi, inazishika zisilegee. Mama watoto ana rangi ya kucha, lakini ana nyekundu tu. Mimi nikaona rangi ni rangi. Nikatia tone kila upande, mkono ukatetemeka, likawa si tone tena. Siku iliyofuata abiria wangu, mama mtu mzima, akaniambia tukiwa njiani, "Mwanangu, simama kwanza. Unatoka damu masikioni."

Na kama unafikiri super glue ingesaidia, mimi nimeshafika huko, nimerudi. Mkono ulipokatika nilibandika, nikashikilia, nikafungia miwani ndani ya boksi lake ikauke vizuri. Asubuhi mkono umeshika kweli, ila vioo vyote viwili vimepata ukungu mweupe. Nikafuta na shati. Nikafuta na mate. Nikafuta na jivu, ndipo zikaongezeka alama za jivu. Ule mvuke wa gundi ndio unaoganda kwenye kioo, na mimi niliufungia humo usiku kucha ukose pa kwenda. Sasa hiyo gundi ilijuaje kwamba kioo kipo?

Nina mpwa wangu anasoma uhandisi chuo cha Busitema. Kila anayesoma ana madeni, na yeye deni lake ananilipa kwa kunielimisha. Tulikutana kando ya barabara. Akaniagizia, yaani nikajiagizia na yeye, rolex mbili, mayai mawili mawili na nyanya ndani ya chapati moto. Akaitazama miwani yangu, akaitazama rolex, akasema, "Mjomba, kwenye hii meza chenye jina la kweli ni hii chapati peke yake."

Halafu akaanza. Eti ile miwani ya marubani iliuzwa na Bausch & Lomb wa Marekani tangu 1937, na kwamba Ray-Ban yenyewe ilinunuliwa na Luxottica wa Italia mwaka 1999. Nikamuuliza, na Bon? Akavuta pumzi. Eti 400 ni nanomita, kipimo cha mawimbi ya mwanga, na kioo kinachostahili hiyo stika kinazuia miale yote ya hatari mpaka hapo. Lakini stika inachapishwa na yeyote mwenye mashine. Na kioo cheusi tu bila hiyo kinga kinaweza kuwa kibaya kuliko macho matupu, maana gizani mboni inapanuka na miale inaingia kwa mlango mpana. Hapo nilikosa hamu ya kula. Kidogo tu, nikamaliza.

Nikamwambia mimi shida yangu inavunjika. Akashika fremu kama daktari. Ile ya kwanza iliyopasuka ni plastiki ya bei rahisi iliyomiminwa kwenye kalibu, ngumu lakini haina subira, ukiikunja inakatika. Kuna asetati, inatengenezwa kwa selulosi ya pamba au ya mbao, inachongwa kwenye ubao wa plastiki. Hiyo nzuri, fundi anaweza kuipasha moto akairekebisha ikukae. Lakini moto huo huo ukiiacha juu ya tangi la Boxer saa nane mchana unaipinda bila fundi. Kuna nailoni, ile wanayoiita TR90, nyepesi, inakunjika na kurudi. Hiyo ndiyo iliyokanyagwa pale Busia, mjomba. Kuna chuma cha pua. Kuna titaniamu, nyepesi, haishiki kutu, haitoi kijani puani.

Nikamuuliza titaniamu Sofia ni bei gani. Akacheka mpaka chapati ikamkwama.

Lakini alichokazania sana ni bawaba. Watu wanaangalia rangi, wanaangalia jina, wanajitazama kwenye kile kioo kidogo cha mwuzaji kinachoonyesha jicho moja tu, halafu miwani inafia kwenye bawaba. Ufungue mkono uutazame kwa ndani. Hesabu meno yanayopishana. Matatu ni kawaida, matano ni imara zaidi. Fungua funga: ukiwa mlegevu unaoning'inia wenyewe, achana nao. Zipo za springi, zinakubali kutanuka nje kidogo, zinafaa mtu wa kuvua kwa mkono mmoja. Zipo pia bawaba za plastiki zilizomiminwa pamoja na fremu, hizo zikikatika hata fundi wa Nagongera anakupa pole tu. Na mikono minene haiingii chini ya helmeti. Hilo nililijua. Nilikuwa natatua kwa kutovaa helmeti.

"Halafu, mjomba," akasema, taratibu, "una kichwa kikubwa."

Nikamwambia chunga mdomo, mimi ni ndugu ya mama yako.

Lakini hakuwa anatukana. Ndani ya mkono wa miwani kuna namba, kwa mfano 58, 14, 135. Mimi siku zote nilijua ni kipande cha namba ya simu ya kiwanda. Kumbe 58 ni upana wa kioo, 14 ni daraja la pua, 135 ni urefu wa mkono, kwa milimita. Mtu mwenye kichwa kama changu akivaa fremu nyembamba, bawaba zinakaa zimetanuliwa kutwa nzima, kila siku, mpaka zichoke. Kwa hiyo hata miwani inavunjika kwa sababu ya kichwa changu. Nilizaliwa nacho hiki. Mlitaka nikiache nyumbani?

Nikarudi Busia nikiwa na elimu. Nikachukua tatu safari hiyo, mbili za akiba. Nikakumbuka kodi. Kuna ule utaratibu wa wafanyabiashara wadogo, mzigo wa chini ya dola 2,000 unapewa cheti rahisi pale pale mpakani unapita bila ushuru wa forodha. Lakini lazima kitu kiwe cha Afrika Mashariki. Mahindi, maharage, sawa. Miwani yangu imetoka China, na kule chanzo cha hii biashara ni miji kama Wenzhou. Nitasema nini, kwamba imelimwa Sop Sop? Nikapanga. Moja nikaivaa. Moja nikaipandisha kwenye nywele. Moja nikaining'iniza shingoni kwenye shati. Nikafanya mazoezi ya maelezo: hii ni ya karibu, hii ya mbali, hii ya mvua. Jasho likanitoka kwenye foleni. Wazee wetu miaka ya sabini walivusha kahawa usiku kwa magunia wakakamatwa kwa heshima, na mimi nilikuwa tayari kwa lolote.

Afisa akachukua kitambulisho, akatazama picha, akanitazama, miwani tatu mwilini. Akanirudishia. "Pita, mzee, wenzako wanasubiri." Hakuuliza hata moja! Nilisimama pale nikimpa nafasi nyingine. Akaniambia tena pita. Hivi mimi siwezi hata kushukiwa?

Na zote tatu zilikuwa na meno matatu. Nilihesabu vizuri, ila nilihesabu baada ya kulipa.

Mwishoni ni mama watoto aliyechoka. Alisema hela nilizotupa kwenye miwani zingenunua mbuzi, na mbuzi hana skrubu. Akanipeleka Tororo mwenyewe, kwenye duka la miwani lenye mlango wa kioo, ule unaofanya ufute miguu hata kama hakuna zulia. Dada wa mle ndani alikuwa na adabu, hiyo ndiyo ilinimaliza. Akanipima uso na rula. Akaandika. Akampa mwenzake ile karatasi, mwenzake akaitazama, kisha akanitazama. Nikataka kile kioo cheusi kuliko vyote. Akaniambia vina madaraja, kutoka sifuri mpaka nne, na nne haifai kuendeshea, hata pikipiki, nichukue tatu. Akanivisha fremu moja ya nailoni, ya kahawia, haina dhahabu, haina jina la mtu, haina chochote. Miwani ya mwalimu mkuu. "Inama, mzee." Nikainama. "Tikisa kichwa." Nikatikisa. "Cheka." Nikamuuliza bei kwanza. Akasema elfu mia moja na ishirini. Basi hapo hata angeniomba nilie ningeweza.

Mama watoto akalipa kwa simu. Hakuniambia neno njia nzima. Kukaa nyuma ya Boxer kimya, kutoka Tororo mpaka Sop Sop, ni kusema mengi.

Lakini ilikuwa miwani, nikwambie ukweli. Inaingia chini ya helmeti. Haitelezi. Bawaba meno matano, nimeyahesabu usiku na tochi. Nikaipenda. Nikaanza kuifunika na leso.

Jumapili shemeji akapita akielekea Kampala, kaka yake mama watoto, yule ambaye huwezi kumnyima kitu mbele ya dada yake. Akaivaa akajaribu. Ikamkaa. Kumbe na yeye ana kichwa. Akasema anaazima tu, safari ni ndefu, jua la dirishani ni baya. Mama watoto akasema mchukulie na lile boksi lake.

Jana usiku ameniita kwenye simu, ana furaha kweli. Anasema ile kitu ni kiboko. Ameikalia kwenye taksi, imeinuka. Mtoto wake ameivuta mikono huku na huku, imerudi. Imedondoka ngazini ghorofa ya pili, hata mkwaruzo hakuna. Kisha akaniuliza kama pale dukani wana nyeusi, niwe nimemnunulia mkewe.